Ndoo Tatu Juu ya Koti la Baba

Puge, Alhamisi, 14 Novemba

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya takwimu za mbegu, na kurasa za mwanzo zina takwimu za mbegu kweli. Kuanzia leo litabeba na mengine, maana nina jambo ambalo halina nafasi kwenye fomu yoyote ya kilimo. Baba amenitumia koti la mvua.

Limefika kwa basi la mchana kutoka Tabora, limefungwa kamba za katani kama mzigo wa asali. Baba yangu, Majidi, ni fundi cherehani pale Gongoni, mwaka wa arobaini huu. Anashona kanzu, sare za shule, suruali za maharusi. Koti la mvua hajawahi kushona maisha yake yote. Hili kalishona kwa turubai la lori, rangi ya chungwa, na kila mshono kaupaka nta ya nyuki ili maji yasipite. Ukiliweka sakafuni linasimama lenyewe.

"Linakufaa?" ameniuliza kwenye simu.

"Linanifaa, baba. Ahsante sana."

"Mabega je?"

"Yamekaa sawasawa."

Mabega yamekaa sawasawa kweli. Mvua yenyewe bado haijanyesha, kwa hiyo sijasema uongo.

Mayu Nyamizi, mjane aliyenipangisha chumba, kalizunguka koti mara mbili, kalipiga kofi, kisha kacheka hadi kujifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mayu ni mama kwa watu wa huku, nami namwita hivyo tangu nihamie. "Mwanangu Ummy," kaniambia, "hili ni koti au ni nyumba?" Tumelitundika kwenye boriti ya barazani kwake, chumbani kwangu halikuenea.

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Pikipiki ya kata ilikufa mwaka juzi, hivyo mimi, bibi shamba wa kata, natembelea wakulima kwa baiskeli, kilomita kumi na moja kwenda na kumi na moja kurudi. Mvua imenikuta katikati ya mbuga. Nikashuka, nikavaa koti, nikafunga vifungo vyote saba, nikaendelea kukanyaga kwa majivuno makubwa.

Nilipofika nikalivua mbele ya wakulima. Gauni lilikuwa limelowa chapachapa. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole kama nimesahau kulivaa.

Sasa, ni mvua iliyoingia au ni jasho lililokosa pa kutokea? Nimesoma kilimo miaka mitatu. Najua kupima unyevu wa udongo kwa kiganja. Unyevu wa mgongo wangu mwenyewe umenishinda.

19 Novemba

Nimelowa tena. Sijui.

Jumapili, 24 Novemba

Nimefanya utafiti. Jana kulikuwa na jua kali. Nikavaa koti na vifungo vyote saba, nikaendesha hadi barabara kuu na kurudi. Watu wameniangalia kama mwendawazimu, na sikuwalaumu. Niliporudi nimelowa. Nikaandika: ni jasho.

Leo mvua imenyesha. Nikavaa koti nikasimama tu uani kwa Mayu Nyamizi, bila kukanyaga chochote, kama dakika ishirini. Mabega yamelowa, na mgongo kufuata mshono. Nikaandika: ni mvua.

Nimelamba mkono wangu, nikapata chumvi. Nimelamba koti kwa ndani, nikapata ladha ya nta tu. Mayu Nyamizi aliyekuwa anapepeta choroko kanitazama nikilamba koti, kaendelea kupepeta. Kwa hiyo ni vyote viwili, au kimoja kinajifanya kingine, na mimi nimebaki palepale nilipokuwa Jumatatu.

Baba kapiga simu jioni. "Linakufaa?"

"Linafaa sana, baba."

Huo sasa ni uongo.

27 Novemba

Nyuki. Nta imewaita. Wamenifuata kutoka mwembe wa shule hadi darajani, wala hawakung'ata, walitaka tu kukaa mabegani. Watu wa Tabora tunasifiwa kwa asali, lakini sikujua nitakuwa mzinga.

Jumanne, 3 Desemba

Mvua tatu nzuri ndani ya wiki, udongo umelowa hadi kina cha kiganja. Nimewaambia wakulima wangu wapande wasingoje. Mayu Nyamizi kapanda mbegu yake yote ya mahindi kwa mistari, kwa kamba, kama nilivyomfundisha. Hakubakisha hata kibaba. Nilipomuuliza kasema, "Wewe ndiye umesoma, nibakishe ya nini?" Nimefurahi, kisha nikaingiwa na hofu kidogo, kisha nikaendelea na kazi.

Huko shambani nimempata mtani. Anaitwa Mhoja, mfyatua tofali, mrefu, mdomo haufungi. Kaniuliza kabila la mama yangu. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa Mzaramo, na Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana tangu enzi za misafara, babu zao walipobeba pembe kwenda pwani. Basi Mhoja kapiga magoti, kainua mikono. "Mtani! Mungu kanikumbuka! Leteni kamba, huyu ni mtumwa wetu aliyetoroka!" Nimemwambia babu yake alifika pwani akaogopa bahari akarudi mbio. Watu wamecheka vizuri. Utani ni haki. Mtani hanuni.

Alhamisi, 12 Desemba

Mvua kubwa. Udongo wa mbuga ukilowa unashika tairi, unajaa chini ya madigadi, gurudumu linagoma. Nimebeba baiskeli begani mwendo wa nusu saa, huku nimevaa turubai. Niliyempita kwenye njia aliniamkia, "Mwangaluka!" kisha akauliza nani anaendesha nani.

Jambo moja nimeliona leo. Wakulima wasio na koti walikuwa wamelowa na wanatetemeka. Mimi nilikuwa nimelowa na sitetemeki. Maji ya ndani ya koti yana joto. Je, hiyo ndiyo faida yenyewe? Kama ndiyo, mbona hakuna anayeisema?

20 Desemba

Siku nane bila tone.

Kila siku mawingu yanapanda kutoka upande wa Nzega, meusi. Nikiyaona natoa koti kwenye boriti na kulivaa, nashika baiskeli, na mawingu yanaondoka. Mara tatu sasa. Ajabu hii naiandika kama kichekesho.

Jumamosi, 28 Desemba

Mahindi yanajikunja asubuhi. Yakijikunja mchana hayajashindwa bado, yakijikunja asubuhi ni habari nyingine.

Tumekutana na wakulima penye ghala la pamba. Kabla sijafungua mdomo Mhoja kasimama. "Mtani, tangu ulete lile koti lako mvua inakuogopa. Ukilivaa tu, mawingu yanakimbia. Sisi tutakula nini, turubai?"

Kicheko. Nami, mtoto wa Mzaramo, nitashindwaje? Nikajibu, "Mimi silali nalo, Mhoja! Linalala barazani kwa Mayu Nyamizi. Kamuulizeni yeye, ndiye anayelilisha."

Wamecheka. Wengine wamechelewa kidogo kucheka. Mayu Nyamizi mwenyewe hakuwepo, alikuwa kisimani.

2 Januari

Jua.

6 Januari

Jua. Baba kapiga. "Linakufaa?" Nimesema linafaa. Safari hii nilikuwa na kisingizio, maana hakuna mvua ya kulipima.

Alhamisi, 9 Januari

Leo ilikuwa zamu ya palizi kwa Mayu Nyamizi. Wako watu kumi na watano wanaolimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba anapika. Kaamka mapema, kapika makande sufuria kubwa, kapanga sahani barazani. Mahindi yake yamekuwa njano chini, lakini magugu hayajali jua, lazima yang'olewe ili yasinywe unyevu uliobaki.

Saa mbili hakuna mtu. Saa tatu hakuna. Saa nne kapita mwanamke mmoja wa kikundi njiani, mwenye jembe begani. Kaniamkia mimi, Mayu Nyamizi hakumwamkia. Kapita.

Nimesema labda wamesahau siku. Mayu Nyamizi kafunika sufuria. "Hawajasahau," kasema. "Juzi kisimani wameniacha niteke wa mwisho. Jana nimeomba moto, nikaambiwa umezimika, na moshi nauona."

Kisha kanisimulia, kwa sauti ya kawaida kabisa, habari za mama yake mdogo. Yeye Nyamizi alikuwa binti wa miaka tisa. Mwaka huo mvua ilikata, watu wakasema mama mdogo ameifunga, kwa nini wakasema hivyo hakuna aliyejua, labda kwa sababu alikuwa mjane na alikuwa na macho mekundu ya moshi. Kwanza waliacha kumwamkia. Halafu waliacha kulima kwake. Halafu siku moja alfajiri kaondoka na mkeka kichwani, kafuata reli, na hawakumwona tena.

"Kwanza salamu, halafu jembe," kasema Mayu Nyamizi. "Nimeijua njia yake."

Tumekula makande wawili, chakula cha watu kumi na watano. Nilikumbuka maneno yangu ya penye ghala, nami sikumwambia.

Jumamosi, 11 Januari

Nimekwenda kwa Mhoja nikiwa nimewaka. Nimemkuta uani kwake na tofali mbichi, safu kwa safu, maelfu, zinakauka juani. Nimemwambia utani wake umemfikisha mama wa watu pabaya.

Hakucheka. Mhoja bila kicheko anaonekana mzee.

"Mtani, tazama," kasema, akaonyesha tofali. "Mvua ikinyesha sasa hivi, zote hizi ni tope. Kila mwaka mvua ikichelewa wanamtazama nani? Mfyatua tofali. Wanasema huyu ndiye asiyetaka inyeshe. Mwaka juzi walinipiga faini ya ng'ombe. Nimeona koti lako nikasema Alhamdulillahi, mtani kaniletea pa kupumulia. Wewe ni mtumishi wa serikali, tena mtu wa mjini. Nani atakugusa?"

"Kwa hiyo ulinisukumia mimi."

"Nilikusukumia wewe, ndiyo. Wewe ukamsukumia nani?"

Nimeshika baiskeli nikarudi, na nusu ya njia nilikuwa natembea nayo tu, nimesahau kupanda.

Sielewi tena hapa utani ni upi na kweli ni ipi. Pengine wao wenyewe hawajui. Pengine neno linatoka mdomoni likiwa utani na kufika sikioni likiwa kitu kingine, kutegemea mahindi ya msikilizaji yakoje.

Jumatatu, 13 Januari

Nimemwambia Mayu Nyamizi kila kitu, pamoja na lile neno langu la "anayelilisha". Kanisikiliza hadi mwisho.

"Nililisikia siku ileile," kasema. "Nilikuwa nangoja ulilete mwenyewe."

Nimelia. Nikamwambia nitalirudisha koti Tabora kwa basi la kesho. Kakataa. "Ukiliondoa na mvua ikanyesha, watasema ndilo lililokuwa linafunga, na mimi ndiye niliyelitunza. Ukiliondoa isinyeshe, watasema nimelificha. Liache palepale."

Mchana kaja Luhende, mwenyekiti wa kitongoji, mtu mpole, hapendi mambo. Kasimama nje ya uzio wa minyaa, hakuingia. Mayu Nyamizi kampelekea maji, kasema ameshakunywa. Kuna mkutano Alhamisi. Watu wanataka maelezo ya koti na ya mwenye nyumba. Kalisema hilo akiangalia minyaa.

Nikamuuliza maelezo gani. "Bibi shamba, mimi sijui," kasema. "Kama ningejua nisingeita mkutano."

15 Januari

Nimefikiria takwimu za mvua za miaka kumi. Ninazo, nimezikokotoa, kila mwaka kuna kiangazi kidogo katikati ya masika. Nani atazisikiliza? Mwenye njaa hasomewi jedwali.

Kitu pekee ninachokijua kwa hakika juu ya koti hili ni kwamba linavuja.

Alhamisi, 16 Januari

Niandike kwa utaratibu kabla sijasahau.

Watu walikuwa kama mia penye ghala. Mayu Nyamizi kaketi peke yake kwenye gogo kivulini, na pembeni yake pana nafasi ya watu sita ambayo hakuna aliyeikalia. Nilifika na baiskeli, koti kwenye keria, na ndoo tatu za maji zilikuwa tayari pale, nimeziteka mwenyewe tangu alfajiri na kuzileta kwa mikono, safari tatu. Waliziona ndoo wakanung'unika, maana kisima kimeshuka.

Luhende kafungua, kanipa nafasi. Nikavaa koti. Vifungo vyote saba na kofia yake. Chini nilivaa gauni la khaki, lile ambalo likilowa linakuwa jeusi.

Nikasema, "Mnasema koti hili linazuia mvua. Mimi nimelivaa tangu Novemba. Linavuja. Baba yangu ni fundi wa kanzu, hakuna mshonaji wa kanzu kama yeye Tabora nzima. Koti la mvua hajui kushona. Kila alipopitisha sindano kaacha tundu, akaziba kwa nta, na nta imepasuka. Msiniamini mimi. Mtani yuko wapi?"

Mhoja alikuwa nyuma kabisa. Sikutaka mtu mwingine, kwa sababu mtu mwingine akinimwagia maji mbele ya umati ni matusi, ila mtani ni haki yake. Kaja pole pole. Kaninong'oneza, "Mtani, una uhakika?" Nikamwambia mwaga.

Ndoo ya kwanza. Maji ya kisima ni baridi hata Januari. Nikafungua vifungo, nikawaonyesha: mabega meusi, mstari mweusi mgongoni kufuata mshono. Mtu mmoja akacheka peke yake, akanyamaza. Nikafunga tena.

Ndoo ya pili Mhoja kaimwaga kutoka juu, kwa ufundi sasa, akisema, "Hii ni ya babu yako aliyetoroka." Nikafungua: gauni jeusi hadi magotini. Kicheko kikaanza upande wa wanawake. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Sasa koti linaloshindwa kumkinga binti mmoja na ndoo, litakingaje kata nzima na mbingu?"

Ndoo ya tatu haikuwa na haja tena. Mhoja alikuwa ameinama kuishika, na Mayu Nyamizi akasimama kwenye kivuli chake, akaja, akamnyang'anya. Akaniambia polepole, "Hii ni ya neno lako." Akanimwagia yote kichwani, na ilikuwa imejaa. Halafu yeye mwenyewe akaanza kucheka, kicheko kile cha siku koti lilipokuja, hadi akajifuta kwa ncha ya kanga, na watu wakacheka naye. Si wote. Lakini walicheka naye, si juu yake, na tofauti hiyo niliisikia kwa masikio yangu yaliyojaa maji.

Luhende akafunga mkutano haraka kabla hakijaingia kitu kingine. Katika kuondoka nimemsikia mwanamke akimwambia mwenzake kwamba labda koti lilikuwa na nguvu na sasa limeharibiwa. Sawa. Siwezi kumaliza yote.

Kabla ya hapo watu wawili walikuwa wamekwenda kukaa kwenye ile nafasi ya pembeni ya Mayu Nyamizi.

Na mimi nimemdhalilisha baba yangu mbele ya watu mia, kwa ufundi wake, jambo ambalo kwa miezi miwili nimeshindwa kumwambia yeye mwenyewe masikioni. Hilo halichekeshi hata kidogo.

17 Januari

Jua. Mafua.

Ijumaa, 24 Januari

Imenyesha! Saa saba mchana, bila hata ngurumo ya kuonya, imenyesha hadi saa kumi. Nilikuwa njiani na sikuwa na koti. Nimelowa hadi mfupa na nilikuwa napiga kelele peke yangu kwenye mbuga.

Nusu ya tofali za Mhoja zimerudi kuwa tope. Nilipita kwake nikamkuta amesimama katikati yake, maji yanamtiririka puani. "Angalau mwaka huu hawatasema ni mimi," kasema. Kisha kaongeza kwamba mvua imekuja kwa sababu tumemwaga maji, kwamba wazee wa zamani nao walikuwa wanamwaga maji. Nimebishana naye. Nimemwambia ni siku nane zimepita. Kasema barua ya mbali huchelewa.

Sijui kama anatania. Nimemuuliza, naye kasema hajui.

Jumanne, 28 Januari

Mahindi ya Mayu Nyamizi yamekufa robo tatu. Mbegu hana, kwa sababu yangu. Asubuhi kaja Mhoja na beseni la mbegu za mtama wa muda mfupi, kaliweka barazani bila utani wowote. Baada yake wamekuja wa kikundi na majembe, kumi na mmoja kati ya kumi na watano. Wanne hawakuja na sidhani kama watakuja tena.

Mayu Nyamizi kapika makande. Yule mwanamke aliyepita siku ile bila kumwamkia kashika jembe mstari wa kwanza. "Shikamoo mayu," kasema, kichwa chini.

Mayu Nyamizi kachelewa. Nilihesabu kimoyomoyo, nikafika sita.

"Marahaba," kasema. "Sahani ziko barazani."

8 Februari

Nimeacha koti. Naweka gauni kavu kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, naifunga kwenye keria. Nalowa, nafika, nabadilisha. Ndoo ndogo na mpira wa kufungia, hiyo ndiyo elimu yangu ya msimu mzima. Ila upepo ukipiga baada ya mvua natetemeka, na hapo nalikumbuka koti.

Jumatano, 19 Februari

Nimerudi na mvua ya manyunyu, nikaona kitu cha rangi ya chungwa katikati ya mtama. Mayu Nyamizi analima amevaa koti, vifungo vyote saba. Kila apitaye njiani anamwona kutoka mbali, na nadhani hiyo ndiyo nia.

Nikamwita, "Mayu, si linavuja hilo?"

"Linavuja sana," kasema, akaendelea kulima.

5 Machi

Saumu na baiskeli. Njia ni ndefu, sina nguvu ya kuandika. Mtama umefika magotini.

Tabora, Jumatatu, 31 Machi

Idd. Nimekuja kwa basi la jana. Baba amepungua, na miwani yake mipya ni minene. Kwenye cherehani kuna kanzu ya mtu ambayo mshono wake umepinda kidogo shingoni. Zamani asingeuacha. Nimeuona, naye kaniona nikiuona.

Kabla chai haijapoa kauliza. "Lile koti linakufaa?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. "Halifai, baba. Linavuja. Limevuja tangu siku ya kwanza, nami nilikuwa nakudanganya."

Nikamwambia yote. Nikamwambia ndoo tatu, na Mayu Nyamizi, na maneno niliyoyasema mbele ya watu: kwamba hajui kushona koti la mvua. Kavua miwani, kaifuta, karudisha.

"Ndoo ya ngapi ilipita?"

"Ya kwanza."

"Mabegani?"

"Mabegani, na mgongoni panapopanda mshono."

"Ndipo hapo," kasema. "Nililivaa mwenyewe nikasimama chini ya bomba hapo uani kabla sijalituma. Maji yalipita hapohapo. Turubai ukilitoboa umelitoboa."

Nilimtazama. "Sasa mbona ulilituma?"

"Nilikuwa nimeshakuahidi. Na sikuwa na njia nyingine ya kukukinga."

"Na mbona ulikuwa unaniuliza kila mara?"

"Nilikuwa nangoja uniambie."

Miezi minne ya simu, mimi nasema linafaa na yeye anajua ninadanganya, naye yuko Gongoni anangoja. Nikasema, "Nisamehe, baba." Kasema chai inapoa.

Baadaye kaenda kwenye cherehani, kachukua futi yake ya kitambaa, kaitundika shingoni. "Huyo mama," kasema, "mabega yake yakoje?"

"Baba, hataki koti jingine."

"Nani kasema koti? Gauni. Nguo ya kulowa nayo." Kafungua daftari lake la vipimo. "Njoo unionyeshe."

Nikasimama mbele yake, nikanyoosha viganja viwili kwa upana wa mabega ya Mayu Nyamizi, nikakumbuka vizuri, nikavisogeza kidogo ndani. Baba kapitisha futi hewani kati ya mikono yangu, kainama karibu sana kusoma, kisha kaandika namba kubwa iliyojaza ukurasa nusu. Nimebaki nimenyoosha mikono hadi akamaliza.